Jikaze Kiume Si Mila Yetu

Miongoni mwa maneno yanayopewa heshima ya mila bila kustahili, ni machache yaliyoenea kama agizo la "jikaze kiume". Mtoto wa kiume huambiwa hivyo anapoanguka. Kijana huambiwa hivyo anapofiwa. Naye mchumba hujiambia mwenyewe anapotaka kumweleza msichana ampendaye kwamba ana hofu au ana huzuni. Agizo hili likihojiwa, watetezi wake hujibu kwa haraka kuwa ndivyo tulivyolelewa, na kwamba ndiyo mila ya Mwafrika. Katika makala haya tunakusudia kulipinga jibu hilo. Tunasema kwamba mwanamume asiyeufungua moyo wake wakati wa uchumba hatunzi mila yoyote. Anamnyima mwenzake ushahidi anaouhitaji ili aamue juu ya maisha yake.

Tuitazame Ipogolo. Ipogolo iko chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa, karibu na mto Ruaha Mdogo, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Ni mahali pa madereva, wafanyabiashara wa mazao, mafundi na wasafiri. Hapo mvulana aliyezaliwa Njombe hukutana na msichana aliyezaliwa Kilolo, na fundi kutoka Mbeya humpenda mwuza duka kutoka Singida. Mjini Iringa kwenyewe, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005, hukusanya vijana kutoka pande nyingi za nchi. Katika mazingira kama haya wachumba wawili waweza kupendana mwaka mzima bila mzee hata mmoja wa upande huu kuufahamu ukoo wa upande ule.

Zamani aghalabu haikuwa hivyo. Mposaji alijulikana, au watu wanaomjua walitafutwa. Shangazi na bibi walichunguza: Je, ukoo ule una hasira? Baba yake humpiga mama yake? Kijana mwenyewe alikuwaje njaa ilipoingia? Mshenga alibeba posa, lakini nyuma ya mshenga palikuwa na kijiji kizima kilichotoa ushahidi. Mwanamume aliweza kunyamaza kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha kumsemea. Leo, kando ya barabara kuu, mashahidi hao hawapo. Amebaki shahidi mmoja tu, nao ni ulimi wa mwanamume mwenyewe. Akiufunga, msichana anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Wasichana wanalijua jambo hili, na ndiyo maana wengi wao hulalamika kwa neno moja: "Simjui." Binti amekaa na uchumba kwa miezi mingi. Anajua kazi ya mchumba wake, timu anayoishabikia na chakula akipendacho, lakini hajui ni jambo gani humwuma. Malalamiko haya hudharauliwa na watu wanaodhani kwamba binti anataka kubembelezwa kama katika filamu. La hasha! Swali lake ni zito kuliko hilo. Anauliza: mtu huyu akiumia, uchungu wake utatokea wapi? Utatokea mdomoni, au utatokea mkononi?

Nani atathubutu kusema kwamba swali hilo ni la kipuuzi? Iringa ni nchi ya ulanzi, na msimu wake ukifika vilabu hujaa. Ulanzi wenyewe hatuulaumu. Tunamlaumu mwanamume ambaye hajui kusema "nimeumia" mpaka awe amelewa, kisha akifika nyumbani husema kwa ngumi. Euphrase Kezilahabi alituonyesha baba wa namna hiyo katika riwaya ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Zakaria ni mlevi, na anapogundua kuwa binti yake ameandikiwa barua na mvulana, hana neno la kumwambia ila kipigo. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo inaeleza ndoa kuwa muungano wa hiari, na inakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Lakini hiari bila maarifa ni jina tupu. Atakubalije kwa hiari mtu asiyejua anamkubali nani?

Tunatarajia pingamizi, hasa katika nchi ya Wahehe. Tutaambiwa: "Sisi ni wajukuu wa Mkwawa. Mwanamume wa hapa hatoi machozi." Ni kweli kwamba Mkwawa alijikaza. Jeshi lake liliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 alijiua kuliko kukamatwa. Lakini Mkwawa alijikaza mbele ya bunduki za adui. Mchumba si Mjerumani! Na tukumbuke yaliyofuata. Kichwa cha shujaa huyo kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lake lirudishwe, lakini halikurudi hadi mwaka 1954, lilipopokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, na kuwekwa Kalenga. Baada ya miaka 56 watu walikuwa bado wana mtu wa kumlilia. Je, hao ndio watu wa kuambiwa kwamba huzuni si desturi yao?

Tukipanua macho hadi katika fasihi ya Kiswahili, hoja ya mila huzidi kudhoofika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya vita na siasa, na mtu yuleyule akatunga mashairi ya mapenzi. Shaaban Robert, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, alipofiwa na mkewe Amina hakuficha uchungu wake. Aliutungia shairi ambalo limesomwa na vizazi vya wanafunzi. Hatujapata kumsikia mwalimu yeyote akiliambia darasa kwamba Shaaban Robert hakuwa mwanamume. Katika muziki wa dansi, Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab walizililia shida na mapenzi mbele ya kumbi zilizojaa, na wanaume wakacheza huku wakiitikia. Inakuwaje, basi, mwanamume aruhusiwe kulia kwa gitaa lakini akatazwe kusema kwa sauti ya kawaida mbele ya mtu mmoja ampendaye?

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Tungekuwa wanafiki kama tungewatuhumu wanaume peke yao. Wapo wasichana wanaomdai mchumba afungue moyo, na siku anapoufungua humcheka. Kijana anaeleza kwamba amefukuzwa kazi, au kwamba bado anamlilia mama yake aliyefariki. Kesho yake habari hiyo imefika saluni na bombani, na ameitwa dhaifu. Msichana afanyaye hivyo amemfundisha kijana huyo kunyamaza maisha yake yote, na mke atakayempata atalipa deni asilolikopa. Anayeomba siri hana budi kuwa na mahali pa kuitunza.

Wala tusichanganye moyo na ulaghai. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na siku hizi yanaweza kunakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine kabla chai haijapoa. Kuna kipimo chepesi ambacho tungependa kila binti wa sekondari akishike. Maneno ya mlaghai humhusu msichana: uzuri wake, macho yake, mwendo wake. Maneno ya moyo humhusu msemaji mwenyewe: hofu yake, kosa lake, aibu yake, tumaini lake. Sifa hazimgharimu mtu kitu. Ukweli juu ya nafsi yake humgharimu, na ndiyo maana una thamani. Machozi nayo yapimwe vivyo hivyo. Anayelia ili asamehewe kila Jumamosi kwa kosa lilelile hafungui moyo. Anafunga mlango wa mashauri.

Walimu wana kazi hapa. Mvulana wa kidato cha pili anapotokwa na machozi darasani, wenzake humtazama mwalimu ili wajue kama wacheke au wanyamaze. Mwalimu akicheka, amefundisha somo ambalo halimo katika muhtasari wowote, na litakumbukwa kuliko yote yaliyomo. Akimpa mvulana huyo nafasi ya kusema yanayomsibu, amewafundisha darasa zima, wavulana kwa wasichana, namna ya kusema na namna ya kusikiliza.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Uchumba ndio wakati wa kuyataja maradhi, kabla ya mahari kupokewa na watoto kuzaliwa. Mshenga wa kale alikuwa na kijiji nyuma yake. Kijana wa leo, anayeposa kando ya barabara kuu, hana budi kuwa mshenga wa moyo wake mwenyewe. Na binti anayemsikiliza awe mzee mwenye busara, anayepima neno kabla ya kulipokea, na akishalipokea hulihifadhi.