Mkanda wa Kiwiko si Tabibu

Imeenea dhana, mabarazani na katika viwanja vya michezo, kwa wasomi na kwa wasiosoma, kwamba mtu akipatwa na maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, maradhi yaitwayo kiwiko cha tenisi, dawa yake ni mkanda. Na kwamba mkanda huo kadiri uwavyo wa bei kubwa, ukakazwa sana na kuvaliwa usiku na mchana, ndivyo shifaa ijavyo upesi. Dhana hiyo ni batili. Sina ugomvi na mkanda wenyewe, ambao una kazi yake ndogo ya halali. Ugomvi wangu ni na cheo cha utabibu ulichotunukiwa bila ya kukistahili.

Kwanza yafaa tujue ni maradhi ya nani. Mwaka 1873 tabibu wa Kijerumani aitwaye Runge aliyaeleza kwa watu walioumizwa na kazi ya kuandika, na wakati huo Mwingereza Wingfield alikuwa bado hajapata hati ya kumiliki mchezo wake wa tenisi, aliyoipata mwaka 1874. Wagonjwa walio wengi hawajapata kushika raketi maishani mwao: ni seremala na bisibisi yake, mwashi na mwiko wake, mama anayekamua mashuka ya nyumba nzima, mpishi anayesukuma chapati tangu alfajiri, watu, aghalabu, wa umri baina ya miaka 35 na 55, ambao mkono wao ndio riziki yao. Hapo ndipo mkanda unapopata soko, kwa sababu huahidi kuuponya mkono pasipo kumtaka mwenyewe abadili chochote katika namna anavyoutumia.

Ahadi hiyo haiwezi kutimia, na sababu imo ndani ya mkono. Misuli inayoinua kiganja imelala juu ya kigasha, nayo hukusanyika katika kano iliyoshikamana na kinundu cha mfupa wa nje wa kiwiko. Wengi hudhani misuli hiyo hufanya kazi wakati wa kuinua kiganja tu. La, kila mtu ashikapo kitu kwa nguvu, ikiwa ni birika, nyundo au mkono wa mgeni, misuli hiyo hukaza ili kifundo kisikunjike, na mzigo wote huishia katika ile kano. Nirschl na Pettrone wa Marekani, walioandika mwaka 1979 juu ya kano zilizokatwa kwa upasuaji na kutazamwa kwa hadubini, walikuta nyuzi zilizovurugika na vijishipa vya damu vilivyoota ovyo, wala si ule uvimbe wa moto ambao watu huudhania. Kano hiyo, basi, imechoka kwa kutwishwa kazi kupita uwezo wake wa kujijenga, na kitu kilichoshindwa kujijenga hakijengwi kwa kubanwa.

Atasema mtu: mbona jirani yangu alivaa mkanda akapona? Jawabu lake limo katika jaribio lililofanywa Uholanzi na Smidt na wenziwe, likachapishwa mwaka 2002, ambamo wagonjwa waligawanywa makundi matatu: la sindano ya steroidi, la mazoezi ya tiba, na la kungoja kwa nasaha tu. Baada ya wiki 6, waliopata nafuu katika kundi la sindano walikuwa 92 kwa kila 100, na bila ya shaka walijiona wenye bahati; lakini mwaka ulipotimia walikuwa wamerudi nyuma hadi 69, ilhali wa mazoezi walifika 91, na hata wale waliongoja tu walifika 83. Ikiwa kungoja peke yake kunaleta nafuu kwa watu wengi namna hiyo, basi chochote kitakachofungwa mkononi katika mwaka huo, mkanda, hirizi au utepe wa shaba, kitajitwalia sifa isiyokuwa yake. Jaribio jingine la Uholanzi, la Struijs mwaka 2004, liliupima mkanda wenyewe: katika wiki za mwanzo uliwasaidia wagonjwa kuzitenda shughuli zao za kila siku, lakini baada ya miezi 6, na baada ya mwaka, haukuonekana tofauti na mazoezi.

Hiyo ndiyo kazi yake halali: kumwezesha mtu kufanya shughuli zake huku mkono ukijitengeneza. Mwenye kutaka kuununua na achague ule mwembamba wenye kijito kimoja, baada ya kuupima unene wa kigasha chake kwa futi ya fundi cherehani. Wala asidanganywe na bei. Soksi ndefu ya kiwiko hutia joto, jambo zuri kwa wapendao joto, lakini haiondoi mzigo katika kano. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakiuvaa mkanda juu ya mfupa wenyewe unaouma, kana kwamba maumivu ni mwizi wa kufungwa kamba. Mahali pake ni chini ya mfupa huo, upana wa vidole viwili kuelekea kiganjani, kijito kikikalia nyama ya msuli. Ukazwe kiasi cha kidole kupenya, kisha mtu ainue birika: maumivu yasipopungua papo hapo, mkanda huo haumfai, aurudishe. Wakati wa kulala uvuliwe, na vidole vikifa ganzi uvuliwe mara moja, maana chini yake hupita mshipa wa fahamu unaoinua vidole.

Tiba yenyewe haina cha kuuza, na ndiyo maana haina wapigadebe. Kazi ipunguzwe, isikomeshwe, kwa kuwa kano isiyotumika huzidi dhaifu; vitu viinuliwe kiganja kikitazama juu, karibu na mwili. Kigasha kilazwe mezani, kiganja kikining'inia ukingoni na kutazama chini kikiwa na chupa ndogo ya maji; mkono wa pili uinue, ule mgonjwa ushushe taratibu, na uzito uongezwe wiki baada ya wiki. Maumivu kidogo ni ruhusa, maadamu yanatulia kabla ya kesho yake. Yataka miezi mitatu ya subira, na subira haifungwi katika kijisanduku.

Lakini ubaya mkubwa wa itikadi ya kubana huonekana kwa watoto. Mtoto aangukapo mwembeni akavunjika mfupa juu kidogo ya kiwiko, wako wanaokimbilia kumkanda na kumfunga vitambaa kwa nguvu zote, damu ikakatika, misuli ya kigasha ikafa, na vidole vikabaki vimekunjika maisha yake yote. Tabibu wa Kijerumani aitwaye Volkmann aliueleza msiba huo mwaka 1881, na ungali ukitokea.

Kwa hiyo aliyeanguka na asiyeweza kunyoosha kiwiko, na yule ambaye kiungo chake kimevimba huku ana homa, wasipite dukani wala kwa mkandaji. Waende hospitali siku hiyo hiyo. Wengineo, fedha ya mkanda wa pili wampelekee mtaalamu wa mazoezi ya viungo.