Picha ya marehemu mama, advansi na longolongo: nani anamdhulumu nani Sumbawanga?

Wadau, Februari 18, 2024 kule Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, ilizinduliwa sanamu ya Mwalimu Nyerere. Badala ya Watanzania kushangilia tu, mitandaoni kukawaka moto. Wengine wakahoji kama kweli yule ni Mwalimu, wengine wakatetea kwamba ni yeye kabisa. Wengi waliuchukulia ule mjadala kama kichekesho. Mimi naona si kichekesho, maana huku kwetu Ufipa ugomvi wa namna hiyo upo kila msimu, ila hauna kamera wala mgeni rasmi.

Naongelea picha za kuchora kwa oda. Mahindi na maharage yakishauzwa, kuanzia Juni hivi, ndipo shughuli zinapobana: harusi, jubilei za mapadri na masista, kuwaaga walimu wastaafu, kujengea makaburi. Watu wanapanda gari kutoka Laela, Matai au Namanyere wanakuja mjini na kapicha kadogo, wanamtafuta kijana anayechora. Mara nyingi ni kijana yule yule anayeandika mabango ya maduka na saluni. Wanapatana kwa mdomo, advansi inatumwa kwa simu, basi. Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Mteja anakuja siku ya ahadi, anaambiwa "bado kidogo, njoo kesho". Siku anayoonyeshwa picha, anaitazama, ananyamaza, halafu anasema: "Huyu siyo mama." Mchoraji naye anakuja juu: amekaa siku nne na penseli, advansi imeishia kwenye karatasi na chakula, sasa anaambiwa arudishe hela. Mteja anaondoka akisema wasanii wababaishaji. Mchoraji anabaki akisema wateja wa Sumbawanga hawajui sanaa. Nani mkweli? Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na tatizo liko kwenye mapatano yao. Walipatana bei na siku. Hawakupatana "kufanana" maana yake nini.

Tuanze na hako kapicha. Wazee wetu wengi, hasa wa vijijini, picha pekee waliyoacha ni ya kitambulisho au kadi ya mpiga kura. Picha ya pasipoti ina upana wa sentimita 3.5 na urefu wa 4.5 hivi. Mteja anataka A3, yaani karibu sentimita 30 kwa 42. Hapo sura inakuzwa karibu mara 9! Mchoraji anapiga miraba juu ya picha ndogo, anapiga miraba mikubwa kwenye karatasi, anahamisha mraba mmoja mmoja. Akikosea milimita moja kwenye kona ya jicho, kwenye karatasi kubwa kosa linakuwa karibu sentimita nzima. Na pale ambapo picha ndogo imefifia, hakuna cha kuhamisha, inabidi abuni. Anabuni sura ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Halafu ile ya kitambulisho ilipigwa mama akiwa amekaza uso kwa hofu ya kamera, wakati watoto wanamkumbuka akicheka. Sasa mchoraji akiichora ile picha sawasawa kabisa, bado watoto watasema siyo yeye.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 1954 wabunge wa Uingereza walimwagizia Winston Churchill picha kwa ajili ya kutimiza miaka 80, kazi akapewa Graham Sutherland, mchoraji mwenye jina. Churchill aliichukia, na baadaye ikaja kujulikana kwamba familia iliiharibu kabisa. Sutherland alichora mzee aliyemwona mbele yake, Churchill alitaka yule aliyemo kichwani mwake. Kama Bunge zima lilishindwa kupatana hilo mapema, sembuse mimi na wewe pale stendi?

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Mchoraji akimaliza mchoro wa awali, yaani mistari tu kabla ya kuweka vivuli, aupige picha na kumtumia mteja kwa simu. Sura inakamatwa hapo hapo, kwenye nafasi kati ya macho, urefu wa pua, mdomo ulipokaa. Mteja akisema "pua ya mama ilikuwa pana zaidi", marekebisho ni kifutio na dakika kumi. Akisubiri mpaka mwisho, marekebisho ni siku mbili na karatasi mpya. Na mteja akishaukubali mchoro wa awali, hana haki tena ya kuja kusema siyo mama. Hapo kila mmoja amelindwa.

Suala la bei nalo linaumiza. Watu wengi wanapiga hesabu ya karatasi na penseli halafu wanashangaa. Tuchukue mfano tu: oda ya shilingi 60,000, siku nne za kazi, vifaa na fremu vimekula 25,000. Kinachobaki ni 35,000, chini ya 9,000 kwa siku, na hapo hakuna oda nyingine aliyofanya. Fundi cherehani hatumwambii alipwe bei ya uzi tu, kwa nini mchoraji? Lakini na ninyi wasanii, jamani, msipokee advansi za watu saba wakati mnajua wiki moja mnamaliza kazi mbili. Ile "njoo kesho" inamgharimu mtu nauli ya kutoka Namanyere na siku ya shamba.

Kingine kinachonitia hofu kuliko hela ni ile picha ya asili. Mteja anaacha picha pekee ya marehemu kwa mchoraji, inawekwa juu ya meza yenye rangi na chai. Ikipotea hiyo, hailipiki. Hapa nasema bila kuuma maneno: usiiache! Nenda steshenari iskaniwe, mpe mchoraji nakala, ya kwako irudi nyumbani. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na inapoteza ubora, na mchoraji anazidi kubuni.

Siku hizi pia kuna akili mnemba. Mtu anaingiza picha kwenye programu ya simu, kwa dakika moja inatoka kama imechorwa kwa penseli, anaichapisha na kuitia fremu. Sioni ubaya kama mteja kaambiwa ukweli na bei ni ya hivyo. Ubaya ni kulipishwa bei ya mkono kwa kazi ya mashine. Ule mchoro wa awali unasaidia na hapa, kwa sababu aliyechora kwa mkono anao wa kuonyesha.

Kuna wanaosema mambo ya mkataba ni ya Dar. Siyo kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata mapatano ya mdomo. Kigumu ni ushahidi mkifika mbele ya hakimu. Ujumbe wa simu na wa muamala unaweza kutumika, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu ushahidi wa namna hiyo. Kwa hiyo meseji moja tu inatosha kuanzia: ukubwa, vifaa, bei, advansi, tarehe, mara ngapi atarekebisha, na nani ana ruhusa ya kuichapisha picha hiyo kwenye fulana au kalenda. Hilo la mwisho msilidharau. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, haki hizi zinaishi mpaka miaka 50 baada ya msanii kufa, na msanii ana haki ya kutajwa jina.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka mzee Francis Kanyasu, maarufu Ngosha. Mwaka 2017 alikutwa Buguruni akiishi kwa shida, akatajwa kuwa ndiye aliyechora nembo ya taifa. Wengine wakajitokeza kumtaja mtu mwingine. Mei mwaka huo huo akafariki Muhimbili. Nembo iko kwenye kila ofisi ya umma nchini, lakini nani aliichora tukabaki kubishana, na mzee akaenda na ubishi wetu.

Ombi langu kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa: andaeni fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, iwekwe kwa wachoraji na kwenye steshenari. Haihitaji bajeti wala semina. Kijana mwenye fomu zake ishirini zilizosainiwa ataweza hata kumwonyesha mkopeshaji kwamba ana kazi, siyo mzururaji. Na mama wa Laela atarudi kwao na picha ya mama yake, siyo na kesi.

Naomba kutoa hoja. Wachoraji na mliowahi kuagiza, semeni na ninyi yaliyowakuta.