Kulalamika si kudeka (kambi za wanafunzi, sehemu ya 3)



Leo nasema wazi: kambi inayomfundisha mtoto kuficha kwamba anaumwa ni kambi mbaya, hata kama ina mahema mapya, kamba za bei kali na mkufunzi mwenye vyeti vya nje.

Sipingi kambi. Soma tena hapo, maana najua watakuja watu kusema nesi anataka watoto wafungiwe ndani na katuni. Kupanda mlima, kulala kwenye hema, kupika ugali kwa kuni, kuvuka mto kwa kamba na wenzako, hayo ni mambo mazuri sana na wangu akifika umri ataenda. Ninachopinga ni ile amri wanayopewa watoto wakishuka tu kwenye basi: "Hapa hakuna kulalamika."

Kuna binti wa kidato cha pili nilimhudumia (mambo madogo nimebadilisha asijulikane). Ana pumu tangu mdogo. Mama yake aliandika kwenye fomu, akamwekea na pampu yake ya bluu kwenye begi. Kufika kambini dawa za watoto wote zikakusanywa na kufungiwa kwenye sanduku la mwalimu wa zamu. Utaratibu, eti. Usiku wa pili wakakalishwa saa nzima kuzunguka moto wa kuni, kisha wakapelekwa matembezi ya usiku, kupanda kilima, baridi, na vumbi la wenzake waliokuwa mbele yake. Moshi, baridi, vumbi, kukimbizana. Kwa mtu wa pumu hapo umeshamkusanyia kila kitu.

Akaanza kukohoa, akaambiwa akaze. Akasema kifua kinabana, akaambiwa wenzako wote wamechoka mbona hawasemi. Basi akanyamaza akaendelea kutembea, mpaka akawa hawezi kumaliza sentensi. Walioona ni rafiki zake wawili. Wakakaa naye chini wakagoma kuendelea. Watoto wale ndio waliofanya kazi ya watu wazima usiku ule, maana sanduku lilikuwa kambini, ufunguo kwa mwalimu, na mwalimu amelala.

Alfajiri wakatufikishia. Oksijeni, dawa ya mvuke, sindano. Namshukuru Mungu alipona. Lakini alipoweza kuongea, maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa: "Anti, samahani, nimewaharibia wenzangu safari." Mtoto wa miaka 14 anaomba msamaha kwa kushindwa kupumua! Nani alimfundisha hivyo kama si hiyo kambi?

Sasa niwaambie kwa nini amri hiyo ni ya hatari, mbali na kuwa ya kikatili. Mtoto wa pumu mwanzoni anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Akizidiwa sana ile filimbi inaweza kukata, kwa sababu hewa inayopita haitoshi hata kutoa sauti. Asiyejua ataona "ametulia". Sisi wodini tukikuta kifua kimenyamaza hivyo tunakimbia. Na baridi ni hivyo hivyo: aliyelowa mvua mlimani anatetemeka, halafu kutetemeka kunakoma, anaanza kujikwaa na kuongea ovyo. Hajazoea baridi huyo, anakwenda vibaya. Kwa hiyo dalili unazoweza kuzikosa ukingoja mtoto "azidiwe kweli" ndizo zilezile alizokuwa anakwambia mwanzoni ukamnyamazisha.

Angalieni waongozaji wazuri wa Kilimanjaro wanavyofanya kazi. Kilele cha Uhuru kiko mita 5895, na shida ya hewa nyembamba inaweza kumwanza mtu kuanzia kama mita 2500. Mgeni anaulizwa kila siku ameamkaje, kichwa kinauma, ametapika, amekula? Anabanwa kile kipimo cha oksijeni kidoleni. Akianza kuyumba, au akihema sana hata akiwa amekaa, anashushwa, na dola zake alizolipa hazimsaidii. Yaani mtalii mwenye ndevu anabembelezwa aseme anavyojisikia, halafu mtoto wetu anaambiwa akaze?

Wengine mmeniandikia kwamba mafunzo haya asili yake ni ukakamavu, nisiyalainishe. Haya, twendeni kwenye asili. Shule ya Outward Bound ilianzishwa Aberdovey, Wales, mwaka 1941, wakati wa vita, na Kurt Hahn akishirikiana na mwenye kampuni ya meli. Miongoni mwa waliofundishwa pale ni mabaharia vijana, ili meli ikizamishwa wajue kubaki hai. Mwaka 1952 mafunzo hayo yakafika jirani kabisa, Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro. Kubaki hai, mama zangu. Huko ndiko yalikoanzia.

Na Uingereza kwenyewe walijifunza kwa machozi. Machi 1993 wanafunzi 8 walipelekwa baharini Lyme Bay kwa kayaki. Wanne walikufa. Mkufunzi mmoja aliyeacha kazi kwenye kituo kile alikuwa ameshamwandikia mkurugenzi barua kumwonya kuhusu usalama. Mlalamikaji mwingine huyo, akapuuzwa. Mkurugenzi alifungwa, na mwaka 1995 Bunge lao likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vya namna hiyo.

Halafu kuna wale wa "sisi tulitembea kilomita kumi pekupeku na hatukufa". Wewe hukufa, ndiyo maana unaandika. Katika kila kijiji kuna mama anayemkumbuka mtoto aliyekuwa "anakohoakohoa tu". Huyo hayupo hapa kubishana na wewe.

Kwa hiyo fomu ikija nyumbani, acha kuangalia kwanza bei na orodha ya soksi. Piga simu shuleni, uliza dawa ya dharura ya mwanangu itakaa wapi. Jibu pekee ninalolikubali kwa pampu ya pumu ni: mfukoni mwake, na ya akiba kwa mkufunzi anayetembea naye. Uliza mwenye huduma ya kwanza ni nani kwa jina, usiku anakuwa wapi, gari liko wapi na hospitali iko umbali gani. Wakikujibu "mama usiwe na wasiwasi," hilo si jibu, uliza tena. Na ile sentensi ya "shule haitahusika na lolote", mimi naikata kwa kalamu kabla ya kusaini. Watanuna. Wanune.

Na mtoto mwenyewe mfundishe kusema "siwezi kupumua vizuri, nahitaji pampu yangu sasa", aizoee mdomoni. Mwambie akikataliwa akae chini, na rafiki yake akae naye.

Sehemu ya 4 ni kuhusu selimundu na baridi ya milimani. Kama una mtoto wa selimundu na fomu ya kambi iko mezani kwako sasa hivi, usisaini kabla hujaongea na kliniki yake.