Maskini Naye Ana Cha Kuibiwa

Katika mikutano ya vijana tumelisikia neno moja mara nyingi mno, nasi leo twakusudia kulipinga waziwazi. Kijana akihimizwa kulinda namba zake za siri, picha zake na habari za nyumba yao, hujibu akicheka: «Mimi maskini, wataniibia nini?» Wenzake hucheka pamoja naye, kisha mazungumzo huhamia kwenye mpira. Jibu hilo lasikika kama unyenyekevu. Sisi twaliita uvivu.

Tutazame jinsi wizi wenyewe unavyofanyika. Ujumbe unaingia katika WhatsApp kutoka namba ya rafiki: «Yaya, kuna namba zangu zimefika kwako kwa makosa, unirudishie.» Na kweli, dakika ileile imefika SMS yenye tarakimu 6. Kijana mwema, aliyelelewa kusaidia, anazituma bila kufikiri. Kumbe tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yake mwenyewe. Mwizi ameandika namba ya kijana katika simu nyingine, na ufunguo ukatumwa kwa mwenye namba ili athibitishe kwamba ni yeye. Akiisha kuupata, mwizi anaingia, na mwenyewe anatolewa nje. Na yule rafiki aliyeomba? Akaunti yake ilikwisha kuibwa kwa njia hiyohiyo.

Ndipo watu wote wa vikundi alivyomo kijana huyo, wa kwaya, wa Kiro, wa shirika, wa ukoo, wanaandikiwa kwa jina lake: «Mama mkubwa, niko hospitali, nitumie dola 20 kwa namba hii, ya kwangu imekwama.» Mama mkubwa, auzaye unga sokoni, asingempa mgeni hata franka 100. Anampa mtoto wa ndugu yake. Kijana alisema kweli kwamba mfukoni hamna kitu. Kilichoibwa ni imani ya watu kwake, na mali hiyo maskini anayo, tena anaihitaji kuliko tajiri, kwa kuwa akiugua au akifiwa ndiyo inayomletea mchango.

Kinga yenyewe ni fupi. Tarakimu 6 zilizokujia kwa SMS haziombwi na rafiki wa kweli, wala na kampuni. Katika mipangilio ya WhatsApp washeni uthibitisho wa hatua mbili, mjiwekee namba ya siri ya pili ambayo mwizi hataipata kwa SMS. Akaunti ikiisha kuchukuliwa, iandikisheni upya mara moja kwa namba yenu: ufunguo mpya utakuja, nanyi mkiuingiza mwizi atatoka. Wakati huohuo wapigieni watu simu, wawasikie kwa sauti. Na namba ya siri ya fedha za simu asiijue hata mwenye kabine, ijapokuwa ni jirani yenu tangu utoto. (Wengi hutumia mwaka wao wa kuzaliwa, kisha huutangaza mtandaoni kila sikukuu ya kuzaliwa.)

Kwa miaka mingi kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha Wakongomani wengi. Hata hivyo, mtu yeyote akitangaza kazi katika kikundi, picha za kadi zinamiminika kwake, mbele na nyuma, pamoja na malipo ya «faili». Umoja wa Mataifa wenyewe hutangaza kwamba hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayeomba fedha ili akupe kazi hana kazi ya kukupa.

Hapa twawageukia viongozi wa vikundi, wala hatutapunguza sauti. Nani aliwapa ruhusa ya kutupa katika kikundi cha watu mia mbili orodha ya watoto wa kipaimara, pamoja na tarehe za kuzaliwa, mtaa na simu za wazazi, eti ili ijulikane nani hajalipa fulana? Kikundi cha WhatsApp chaweza kubeba watu 1,024. Je, mwawajua wote? Mnatangaza safari ya hija, saa ya kuondoka na njia, katika majimbo ambamo watu wametekwa nyara barabarani. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 yakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya nchi yetu cha 2006 chalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tunayo pia Sheria ya Dijitali, yenye vifungu juu ya habari za mtu binafsi. Hakuna kati ya sheria hizo inayosema kwamba mambo ya parokia hayahusiki.

Wengine hutujibu: «Kanisa ni familia, na katika familia hakuna siri.» Familia gani hiyo? Baba mwenye akili hapigi kelele sokoni juu ya ugonjwa wa mtoto wake.

Tena liko jambo zito kuliko orodha. Msichana amempa mchumba picha ya siri, wameachana, picha inazunguka, au anatishwa kwamba itazunguka asipolipa. Mara ngapi yeye ndiye aondolewaye katika kwaya, na aliyeisambaza akaendelea kupiga ngoma Jumapili! Twaita hukumu hiyo udhalimu, na kila anayeipeleka picha mbele «ili wengine wajifunze» ameshiriki dhambi ileile. Msichana asilipe, kwani mtishaji akilipwa mara moja ajua kwamba atalipwa tena. Ahifadhi ujumbe wa vitisho kama ushahidi, amwambie mtu mzima anayemwamini siku hiyohiyo. Kiongozi naye amwite mvulana kwanza. Orodha ya kipaimara ibaki katika daftari la katekista, nalo daftari libaki kabatini, kuanzia Jumapili hii.