Butembo na Beni: Wanawake waliomaliza kuzaa wasahauliwa na huduma za afya

Katika vijiji vinavyozunguka Butembo na Beni, mwanamke wa miaka 45 au 50 bado anabeba kuni na mihogo mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Akikohoa au kuinua mzigo, mkojo unamtoka. Wengi husema ni uzee, na hunyamaza.

Hali hiyo ina sababu inayojulikana. Misuli iliyotandazwa chini ya nyonga hushikilia kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo. Kuzaa mara nyingi huilegeza, na mizigo mizito huikandamiza. Kisha, katika miaka inayotangulia kukoma kwa hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na sehemu hizo hudhoofika zaidi. Kwa wengine, mfuko wa uzazi hushuka. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke nchini Congo. Taifa lenye uzazi wa kiasi hicho lilipaswa kujiandaa.

Lakini huduma zimeelekezwa kwingine. Mpango wa kujifungua bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023, unamhusu mama anayejifungua na mtoto mchanga. Kampeni za wafadhili hutafuta wagonjwa wa fistula, yaani tundu linalotokana hasa na uchungu wa muda mrefu, na mara chache ubakaji, ambalo kwa kawaida huhitaji upasuaji. Asiye mjamzito wala mgonjwa wa fistula hana mlango wake.

Wakazi wa Beni na Butembo wanaujua mtindo huo. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, fedha nyingi zilifuata ugonjwa mmoja, huku watu wakilalamika kwamba malaria na mauaji ya raia hayapewi uzito. Imani iliyopotea wakati ule iliigharimu hata vita dhidi ya Ebola yenyewe.

Vita vya sasa vimezidisha pengo. Hospitali za HEAL Africa mjini Goma na Panzi mjini Bukavu zinajulikana kwa upasuaji wa wanawake, lakini miji yote miwili ilitekwa na M23 mwanzoni mwa 2025. Kutoka Butembo, kumpeleka mgonjwa huko kumekuwa safari ya kuvuka mstari wa vita.

Hata hivyo, hatua ya kwanza ya tiba haihitaji Goma. Ni mazoezi: kukaza misuli kama mtu anayezuia mkojo, kushikilia kwa sekunde chache, kuachilia, kisha kurudia angalau mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu au zaidi. Mfuko wa uzazi ulioshuka unaweza kushikiliwa kwa pete maalumu inayowekwa ukeni. Muuguzi aliyefunzwa katika kituo cha afya anaweza kufundisha mazoezi hayo, na kumpeleka hospitali anayehitaji zaidi.

Tangu Goma ianguke, serikali ya mkoa wa Kivu Kaskazini inafanyia kazi Beni, karibu kabisa na wanawake hawa. Kuwafunza wauguzi na kuongeza swali moja kwa kila mwanamke anayefika kituoni, "Je, mkojo unakutoka?", ni gharama ndogo. Wasipoulizwa, wataendelea kubeba mzigo, na kunyamaza.