Kabimba: Kunoa panga mchana si kutafuta vita

Katika Kabimba, teritware ya Kalemie, familia iliyokimbia vita inaweza kufika na sufuria moja, blanketi na panga. Panga hilo ndilo linalofyeka shamba la watu, linakata kuni na miti ya kujengea kibanda. Likikosa makali, kazi ya siku moja inakuwa ya siku tatu. Na mwenye kulipa kibarua hapimi jasho, anapima sehemu iliyofyekwa.

Lakini mwanaume mgeni akikaa jioni nyuma ya nyumba ya mwenyeji wake akinoa panga, majirani wanaanza kuulizana. Woga huo una sababu. Katika vita ya Watwa na Waluba, iliyotapakaa Tanganyika kuanzia 2016, watu wengi waliuawa kwa mapanga na mishale. Kwa hiyo mgeni anaona heri aache panga lake butu, asishukiwe.

Hapo ndipo makosa yanapoanza. Panga butu haliingii kwenye mti, linateleza na kuangukia mguu. Kisu butu vilevile: mama anayemenya mihogo analazimika kukandamiza, kisu kinaruka kwenye ganda na kukata kidole. Kidonda kikiingia udongo kinaweza kuleta pepopunda. Kioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha mtu aende kituo cha afya kuuliza sindano.

Wakubwa wa mitaa wanaweza kuondoa woga huu bila mkutano mrefu. Watenge mahali pa kunolea, mchana, mbele ya watu wote: gogo, tupa moja na ndoo ya maji. Mwenyeji na mgeni wanoe hapo hapo. Na wanaogawia wakimbizi mapanga na majembe waongeze tupa. Panga bila tupa ni msaada wa majuma machache tu.

Kunoa kwenyewe hakutaki nguvu. Panga linakazwa juu ya gogo lisicheze, tupa inalazwa kwa mwinamo na kusukumwa mbele tu. Ikikokotwa kurudi, meno yake yanaisha. Kisu cha jikoni kinataka jiwe laini lenye maji, upande huu na upande ule mara sawasawa. Ngazi ya simenti, ambayo haikosekani katika mji wenye kiwanda cha simenti, inakwaruza kisu tu. Asiye na jiwe ageuze kikombe cha kauri: ule mduara wa chini, unaokwaruza mkono, unanoa kisu vizuri.

Kazi ikiisha, panga lifutwe, lipakwe mafuta kidogo ya mawese lisishike kutu, lizungushiwe kitambaa. Kibanda cha turubai hakina kabati. Lifungwe kwenye mti wa juu, mahali mtoto hafikii.