MJI USIANZE NA KUBOMOA

Ndugu wasomaji wa Ndanda, Masasi na Newala, mipango ya miji si shauri la wakubwa wa Dar es Salaam peke yao. Atokaye Mingoyo kwenda Masasi hupita Ndanda, na hujionea mwenyewe: maduka, vibanda, vyumba vya kupanga, vyote vimeelekea barabarani. Mji unazaliwa mbele ya macho yetu. Twauliza: nani anaupanga?

Wako wataalamu wasemao kuwa mji hukua kwa duara, kutoka katikati kwenda nje. Ndivyo alivyoandika Ernest Burgess mwaka 1925 akiutazama mji wa Chicago. Huenda huko ndivyo. Miji yetu haikungoja duara. Masasi ilianza mwaka 1876 kwa misheni ya watumwa waliokombolewa. Ndanda Wabenediktini walikaa mwaka 1906, chini ya mlima penye chemchemi. Newala iko juu, na kwa miaka mingi mama zetu waliteremka bondeni na mitungi kutafuta maji. Hapa kwetu mji hufuata maji na njia, na achoraye ramani bila kujua maji yatoka wapi achora picha tu.

Mtwara ni ushahidi. Wakoloni waliichora miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga wa Nachingwea: bandari ya kina kirefu, reli, barabara pana, Shangani ufukweni kwa Wazungu, na Mwafrika akae alipopangiwa. Mwaka 1951 karanga zikaachwa. Reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960. Zikabaki barabara pana na viwanja vya majani. Karanga ziliulizwa zataka nini. Mtu wa Mikindani hakuulizwa.

Lakini tusiwacheke wakoloni mno, maana baada ya Uhuru tumepanga wenyewe. Katika Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 watu walitolewa mashambani mwao wakapangwa safu safu, na vijiji vingi vikawekwa kando ya barabara ili shule, zahanati na lori viwe karibu. Wakatii, wakajenga. Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007: hifadhi ya barabara kuu, iliyokuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, ikawa mita 30. Mtu yule yule aliyeambiwa sogea barabarani, sasa aambiwa umeivamia barabara!

Hatusemi barabara isipanuliwe. Lori la korosho lataka nafasi, na mtoto wa shule ataka pa kupita asigongwe. Twasema kwamba aliyejenga kabla ya kuongezwa mita hizo saba na nusu si mvamizi. Haki yake ni fidia, tena ailipwe kabla ukuta wake haujaguswa.

Kwa Ndanda bado kuna nafasi ya kutangulia. Halmashauri ilete vigingi kabla msingi haujachimbwa, si rangi nyekundu baada ya bati kuezekwa. Ramani ibandikwe wanapokutana wananchi, isomwe kwa Kiswahili, ionyeshe soko, chemchemi na njia za miguu zipandazo mlimani, na mama muuza mihogo aonyeshwe atakaa wapi. Viongozi wa matawi, itisheni mkutano huo kabla ya minada ya korosho, maana fedha zikishaingia mikononi, saruji hununuliwa siku ile ile.